Kabati la Penina Lililopasuka Kikwe

Siku ya Jumamosi, tarehe kumi na nne Februari, mwaka 2026, niliitwa Kikwe kwenda kutazama aibu ambayo haikuwa ya mwanangu.

Aliyeniita ni mkwe wangu Namnyaki, mama yake Lengai, aliyemwoa binti yangu Penina mwezi Novemba. Kwetu Akheri binti haondoki mikono mitupu siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mimi nilimpa Penina kabati la vyombo. Mwili wake ulikuwa wa plaiwudi, na juu yake ulilazwa ubao mmoja mpana wa mgrevilea uliokatwa kihambani, shamba letu la ukoo, katikati ya kahawa aliyoiacha marehemu baba yake. Ukumbi mzima ulilipigia kabati lile vigelegele.

Sasa nililikuta sebuleni limeondolewa vyombo vyote. Ubao wa juu ulikuwa umepasuka kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Chini, mahali plaiwudi ilipogusa sakafu inayopigwa deki kila asubuhi, kingo zilikuwa zimevimba na kuachana tabaka kwa tabaka.

"Mkwe wangu," Namnyaki alisema, "mlituletea kabati au kitunguu? Kila nikiligusa linavua ganda."

Majirani wawili waliokaa naye wakacheka hadi wakashikana mabega. Penina alisimama mlangoni, macho chini. Mumewe alikuwa akivichunguza viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyopasuka.

"Mimi sisemi ni mkosi," Namnyaki aliendelea. "Nasema tu kwamba zawadi ya mama ikipasuka mapema hivi, watu wanajiuliza kuhusu nyumba yenyewe. Lirudi Akheri."

Kabati la bibi harusi likirudishwa kwao, watu husema kwamba mwenyewe yuko njiani. Penina alilijua hilo, nami nililijua.

"Lisipakiwe kabla sijaonana na fundi," nilisema. "Nipe hadi Jumatatu."

"Fundi atakuambia nini? Kwamba tumelikalia?"

Nilikwenda moja kwa moja Tengeru, nyuma ya soko, kwenye karakana ya Elirehema, fundi aliyelitengeneza.

"Shikamoo, Mama Penina! Umeniletea mteja?"

"Marahaba. Nimekuletea ufa."

Nilipomweleza, hakushtuka hata kidogo. Alinivutia kigoda karibu na meza anayonywea chai, akasema kwa upole, "Mama, mbao hazilali. Ule ubao ulikaa Akheri kwenye ukungu na mvua. Umeshuka Kikwe kwenye joto na vumbi, ukakauka, ukajivuta. Ndivyo Mungu alivyoumba miti."

Nilikaribia kuridhika. Lakini kwa kuwa asubuhi ile nzima nilikuwa nimeinamia kabati, niliinama pia kutazama uvungu wa meza yake. Hapakuwa na msumari. Ubao wa juu ulishikwa na skrubu, na kila skrubu ilipita katika tundu refu, si la duara.

"Matundu haya marefu ni ya nini?"

"Ni ili ubao upate nafasi ya kusogea. Wakati wa kiangazi unajivuta, mvua zikija unatanuka. Skrubu inateleza humo ndani, na ubao haupasuki."

"Na hizi kingo za plaiwudi, mbona sioni tabaka zake?"

"Nimezibandika vipande vyembamba vya mbao, halafu vanishi. Plaiwudi yenyewe haitembei sana, ila ukingo ukiachwa wazi unakunywa maji kama..."

Alikuwa amekwisha kuyasikia maneno yake mwenyewe.

"Kumbe ulijua," nilisema.

"Mama, wateja wanaangalia mng'ao. Nani anainama kwenye sendofu? Misumari na gundi pande zote, kazi inakwisha haraka, kila mtu anafurahi."

"Penina anafurahi?"

Nawauliza ninyi mnaosoma: fundi asiyejua hufundishwa, lakini anayejua, akautumia ujuzi wake kutunza kikombe chake cha chai, kisha akampigilia binti wa watu misumari pande zote mbili hadi ubao ukakosa pa kwenda ila kupasuka, huyo tumwiteje? Na kwa nini aliyechekwa awe bibi harusi, wakati aliyepigilia anasalimiwa kwa heshima sokoni?

"Jumatatu utakuja Kikwe," nilimwambia. "Utalitengeneza palepale, kwenye hewa ambayo litaishi nayo. Na kabla hujashika randa, utamweleza mkwe wangu haya uliyonieleza."

"Nitatengeneza, mama. Sitaki hata shilingi. Ila hilo la kueleza tuliache."

"Kutengeneza ni nusu. Nataka useme."

Jumatatu alikuja, akasimama mbele ya Namnyaki huku akikunja na kukunjua kofia yake.

"Kwa hiyo si mkosi?" Namnyaki aliuliza.

"Si mkosi, mama. Ni misumari yangu."

"Na ulijua litapasuka?"

"Nilijua linaweza."

"Ukamwacha mtoto huyu akachekwa nyumbani kwangu!" Namnyaki alifoka, na mimi nikamwacha afoke, ingawa kicheko kile kilianzia kinywani mwake.

Elirehema akang'oa misumari. Alipasua ubao kwa msumeno kufuata ule ufa, akazipiga randa pande zote mbili, akaziunga upya kwa kipande cha mgrevilea katikati. Chini ya ubao alitoboa matundu marefu, akaushika kwa skrubu. Akakata plaiwudi iliyooza, akabandika mbao kwenye kila ukingo, hata ule wa nyuma unaotazama ukuta, kwa sababu nilisimama hapo. Mwisho aliliwekea miguu lisiguse tena maji ya deki.

Namnyaki alilizunguka kabati, akapitisha kidole ukingoni.

"Penina, mwanangu, vanishi ikikauka ingiza vyombo vyako. Kabati halitoki."

Penina aliinua macho. "Nitaingiza, mama. Lakini kwanza waite wale majirani, waambie kama ulivyoambiwa."

Namnyaki alijifunga kanga, akaenda mwenyewe hadi kwenye ua na kuwaita kwa majina yao.

Nawe uliyeyasoma haya, usiyakalie. Msomee mama yeyote anayeandaa sendofu, hasa asiyejua kusoma, ili ainame kabla kabati halijapambwa maua. Na ukipita kwenye karakana, msomee fundi pia, kwa sauti, wateja wake wakiwapo.