Ngozi Iliyoshushwa Ukutani

Mnyororo ulikuwa juu ya meza, umepanguswa ukang'aa kama kitu cha harusi. Mama aliuona akiwa mlangoni, akakataa kuvuka kizingiti.

Mwaka huo wa 2013, hapa Lodwar, Sista Jelagat, muuguzi wa wagonjwa wa akili, aligeuza stoo kuukuu ya hospitali kuwa makumbusho. Upande mmoja aliweka vitu walivyofungiwa watu zamani. Upande wa pili, kazi za mikono yao. Mnyororo ule ndio ambao wajomba walimfungia Mama kule Kaaleng alipoanza kuzungumza na upepo. Alikuja nao mguuni, juu ya lori. Na ngozi ya mbuzi iliyotundikwa ukutani, aliishona shanga mwenyewe wodini, mpaka siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani.

"Ngozi nimemwazima Sista tu," aliniambia njiani. "Nikiona inanirudisha kule, naibeba."

Kule. Hakumaanisha Kaaleng; alimaanisha kwenye ule upepo. Nilikuwa nimeshamngoja Mama arudi kutoka kule mara moja; sikujua kama ningeweza tena.

"Ejok, Mama Apajok," Sista alimsalimu kwa Kiturkana. "Karibu ndani, hapa ni kwako."

"Kwangu hakuna mnyororo mezani."

Sista akatoka, akamfuata. Ndicho ninachompendea: anajua kunyamaza bila kumwacha mtu peke yake. Alisimama naye pale kizingitini, jua likiwachoma wote wawili.

Macho ya Mama yakahamia kwenye maksai waliochorwa kwa makaa juu ya makatoni ya mafuta ya msaada, pembe zao zikipita ukingo wa katoni. Mchoraji, Gatluak, aliyewahi kulazwa hapa, alikuwa amekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na tai shingoni.

"Huyu ni wako?" Mama akauliza, akionyesha maksai mmoja.

"Wangu, mama."

"Mbona amekonda hivi?"

"Yuko kambini. Anakula mgao."

Mama akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kicheko hicho ndicho kilichomvusha. Mguu wenye kovu ukatangulia. Akaupita mnyororo, akasimama mbele ya ngozi yake.

"Nani ameisimamisha hivi? Ngozi ni ya kulaliwa. Itapumzika lini?"

Sista mwenyewe akapanda kiti, akang'oa misumari. Mama akaitandika sakafuni, akakaa juu yake, miguu kainyoosha. Akapapasa shanga nyekundu zilizopita katikati kama barabara, mpaka vidole vikafika kwenye kona isiyo na kitu.

"Hapa ndipo nilipofika waliponiambia nimepona," alisema. "Hawakuniuliza kama nimemaliza. Sindano iko?"

Sista akamletea sindano na uzi. Mama akainamisha kichwa, akakata mzingo wa chini kabisa wa shanga za shingoni mwake, zile ambazo hata akioga havui. Nilishtuka, lakini mikono yake ilikuwa imetulia, ikizishona kwenye kona ile. Nikaelewa kwamba miaka yote ile, nilipodhani Mama amepotea, alikuwa mahali fulani akifanya kazi, shanga baada ya shanga.

Wageni wakaanza kuingia. Walisoma vibao, wakanong'onezana kuhusu mnyororo. Walipomfikia Mama, wa kwanza akavua viatu, na waliomfuata wakavua. Hakuinua macho.

Jua lilipoinama, akasimama. "Twende."

Nikainama kuikunja ngozi.

"Iache."

Kona bado haikuwa imejaa. Sindano ilikuwa imechomekwa pale pale, na uzi mrefu umebaki.