Kumbukumbu: Asilimia 91

1.

KUMBUKUMBU INAYOTUMIKA: 91%

(Skrini ya kompyuta, sebuleni, Korogwe.)

2.

Msomaji, nianze na kosa langu. Naitwa Salha. Kompyuta hiyo ni ya baba yangu, Mzee Shekalaghe, mstaafu wa posta. Mimi ndiye niliyeibadilisha lugha ikawa Kiswahili, nikajiona nimemrahisishia maisha. Ndani yake kuna sauti kumi na mbili za marehemu mama, alizojirekodi akiugua.

Sikufikiri kwamba neno la mashine na la moyo ni lile lile.

Kumbukumbu.

3.

Daftari la baba:

Jumatatu. Kumbukumbu 91. Ikijaa itamwaga zote. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Sauti ya 1, namna ya kuunga kisamvu. Nimeisikiliza mara tisa, nimeikariri. Nimefuta. Kumbukumbu 91.

Sauti ya 2, ugomvi na jirani juu ya kuku. Nimekariri. Nimefuta. Kumbukumbu 92 (!)

Alhamisi. Nimefika sauti ya 11. Ananiita jina langu, kisha anacheka. Jina nimelikariri. Kicheko hakikaririki.

Nimefuta.

91.

4.

Simu, Jumamosi asubuhi:

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu. Hii mashine yako kaidi. Nafuta, haishuki.

— Unafuta nini?

— Mama yako.

5.

TAARIFA KWA WOTE WALIOCHELEWA KUELEZA

Asilimia tajwa ni ya meza ya kazi, si ya kabati. Meza hujazwa na programu zilizofunguliwa. Ukizifunga, nafasi hurudi. Ikikaribia kujaa, mashine huwa nzito tu. Sauti zilizohifadhiwa zimo kabatini na hazihusiki. Ilitosha mhusika kufunga kurasa ishirini za matokeo ya mpira.

Imetolewa na mimi, Salha, niliyekuja Idi, nikala, nikaondoka bila kusema haya.

6.

Nilitaka kumfokea, baba yangu mzazi. Nilikuwa nalia. Kisha nikakumbuka kwamba kinachofutwa huangukia kwanza kwenye pipa la taka, kikakaa humo.

— Baba, zipo! Zimo kwenye pipa, hapo pembeni ya skrini.

— Mama yako? Takani?

— Lifungue tu. Usiguse kitu.

Nikasikia kiti kikilia. Kisha baba akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

— Naziona! Vitu kumi na moja. Nimebonyeza, sasa inaniuliza swali.

— Umebonyeza wapi? Nisomee.

Akasoma polepole, kama alivyokuwa akisoma telegramu:

JE, UNATAKA KUONDOA VITU 11 KWENYE PIPA LA TAKA?

[ NDIYO ]          [ HAPANA ]

— Swali gani hili, Salha? Nataka, ndiyo. Nimwache humo?

— Baba, kuondoa hapo siyo kutoa, ni kufuta kab

7.

Simu imekatika.

Napiga.

Namba unayopiga inatumika kwa sasa.

Napiga tena. Inatumika. Nadhani naye ananipigia mimi.