Adhabu ya Kiti

Mpira ulimpiga Sindano usoni, damu ya pua ikachuruzika hadi kwenye jezi, na Kocha Nyundo hata hakupepesa jicho. Alikuwa ameurusha yeye mwenyewe, tena kwa mikono miwili, akiwa karibu naye kabisa.

"Nimekwambia utazame mpira," alisema. "Sasa umeuona?"

Chuo kizima kilimwita Nyundo, na waliompa jina hilo hawakumwonea. Tuseme ukweli, mwanamke huyu aliujua mpira wa kikapu kuliko wengi wanaojitapa. Ila kuwaongoza watu hakujua, na kuambiwa alikuwa hataki. Adhabu aliyoipenda ni ya kiti. Mchezaji akikosea, hakimbizwi yeye. Anawekewa kiti katikati ya uwanja, anapewa chupa ya maji baridi, anakaa kitako anywe, huku wenzake wakikimbia kutoka goli hadi goli mpaka watapike. Eti ndiyo kujenga umoja. Umoja gani huo, jamani?

Na aliyekalia kiti hicho kuliko wote ni huyo huyo Sindano, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, Nyundo ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamsomesha. Lakini aliogopa maneno ya watu, wasije wakasema anambeba ndugu yake, basi akamkalia kooni. Nyumbani alikuwa Dada. Uwanjani alikuwa Kocha, na mlango wa undugu ulifungwa.

Siku hiyo, fainali ikiwa keshokutwa, Sindano alikosa mipira miwili ya adhabu mfululizo. Kiti kikaletwa, wenzake wakaanza kukimbia. Mmoja alianguka akachubuka magoti yote mawili, Nyundo akamwinamia na kumpulizia filimbi sikioni mpaka akainuka. Nahodha, pande la msichana waliyemwita Tingatinga, alitapika hatua mbili tu kutoka kwenye kiti, akajifuta mdomo kwa kiganja, akamkazia macho Sindano aliyekuwa ameshika chupa bila kuifungua.

"Kunywa," Nyundo aliamuru.

Sindano akanywa, maji yakichanganyika na damu ya pua. Tingatinga alilitazama kila funda likishuka.

Mazoezi yalipokwisha, wasichana waliingia chumba cha kubadilishia nguo, wakajifungia. Nyundo alikuwa akipita ukumbini na mfuko wa mipira begani aliposikia kishindo. Mtu alikuwa amebamizwa kwenye makabati ya chuma.

"Si unapenda maji wewe?" Ilikuwa sauti ya Tingatinga. "Basi kunywa!"

Bomba likafunguliwa. Kukasikika mtu akipaliwa, akikohoa, akizamishwa tena. Kisha yakaja mapigo mazito, moja baada ya jingine, ya soksi iliyotiwa kipande cha sabuni. Nyundo aliyajua mapigo hayo. Enzi zake za uchezaji naye alipigwa hivyo hivyo, akajikaza, akatoka bingwa, au ndivyo alivyojidanganya miaka yote.

"Dada!" Sindano alilia. "Dada, wananiua!"

Ufunguo wa chumba ulikuwa shingoni mwa Nyundo, kwenye kamba moja na filimbi. Aliushika mpaka meno ya ufunguo yakamwingia kiganjani. "Wacha wamnyooshe kidogo," alijisemea. Sindano akaita tena. Kisha ukaja mlio mkavu wa kitu kuvunjika, na sauti ikakatika.

Sasa sikia alichofanya. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye kona, halafu akaja tena akikanyaga kwa nguvu, kama mtu anayefika wakati huo huo, ndipo akafungua.

Sindano alikuwa amelala sakafuni, nywele zimelowa chapachapa, taya limekwenda upande. Jino lake moja lilikuwa karibu na mguu wa Tingatinga.

"Ameteleza," Tingatinga alisema.

"Ameteleza," wengine wakaitikia, na kwa mara ya kwanza msimu ule timu ikasema kwa sauti moja.

Zahanati ya chuo ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Daktari alimfunga Sindano taya kwa bandeji, akamgeuza taratibu, akatazama mgongo.

"Sakafu yenu inavaa viatu?" aliuliza. "Hii hapa ni alama ya soli. Binti, uliteleza kweli?"

Sindano hakuweza kusema. Aliubana mkono wa dada yake, akaitikia kwa kichwa. Nyundo alielewa papo hapo. Jambo hili likifika kwa wakuu, kibarua cha Dada kingeota nyasi, na mtoto wa watu alikuwa tayari kumeza kipigo chote ili amlinde.

"Na wewe, kocha, ulikuwa wapi?"

Neno moja tu lingetosha. Ofisini. Sindano angeliamini, maana alidhani dada yake alikuwa mbali, hakumsikia. Nyundo alitazama ule mkono uliombana, akaona haya kama hajawahi kuona haya maishani mwake, akapiga moyo konde.

"Mlangoni," alisema. "Nilikuwa mlangoni, na ufunguo ninao. Nilimsikia akiniita."

Sindano aliuchomoa mkono. Akakunja ngumi, akampiga dada yake mdomoni. Akampiga tena, mdomo ukapasuka. Nyundo hakujikinga, na daktari hakuwaamulia. Ngumi ya tatu haikuwa na nguvu, kwa sababu Sindano alikuwa ameanza kulia, na kulia na taya lililovunjika kunauma.