Ndoo ya Kumi

Bi Povu alikuwa na miaka tisa kituo cha umeme kilipowashwa, na kila neno la siku ile analo kichwani. Waliahidiwa taa, kazi na zahanati. Taa zilikwenda kwa wengine, kazi zikawa za kusukuma toroli, na zahanati wanaisubiri hadi leo. Kilichowafikia bila kukosa ni majivu ya makaa ya mawe, laini kama unga. Yalitua kwenye paa, yakaingia kifuani mwa baba yake yasitoke tena, yakalundikana nyuma ya mtaa hadi yakawa kilima. Wakubwa walikuja kukitazama. Wakaziba pua kwa leso, wakaahidi, wakaondoka. Bi Povu aliwahesabu: saba.

Jina hilo la utani alilipata kazini. Alikuwa dobi, na maji ya kisima chao yalijaa chokaa. Sabuni ilikwisha kipande kizima bila povu la maana, na nguo zilikauka zikakakamaa kama mbao. Alilia povu, povu, tangu ujana, mpaka watu wakamwita hivyo.

Wifi yake, fundi wa maabara ya sekondari, ndiye aliyemwambia kwamba majivu yaleyale yangeweza kulainisha maji. Bi Povu alicheka. Wifi hakucheka. Alieleza kuwa sehemu kubwa ya majivu ni kama kioo kilichosagika. Ukiyapika na kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kioo kinayeyuka, kisha kinajijenga upya kuwa fuwele zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo zeolaiti. Maji magumu yakipita humo, chokaa inanasa vitunduni na maji yanatoka laini.

Wakaomba banda bovu la kituo, kando ya kilima. Walipewa kwa miezi mitatu, kwa shingo upande. Mkaguzi wa kituo akawaambia kwamba Alhamisi ya mwisho angekuja kuona. Kama hakuna cha kuona, banda lingefungwa, kilima kingefunikwa udongo, na mambo yaishe. Yaishe kwa nani? Udongo ungeyaficha majivu machoni pa wakubwa. Mvua ingeendelea kuyapata na kuyashusha kisimani.

Wiki iliyotangulia ukaguzi walipika kwenye sufuria la chuma cha pua, kwa moto wa pole, kutwa kucha. Bi Povu alikuwa na mwiko mkononi muda wote.

“Wifi, huo si uji,” aliambiwa. “Uache utulie.”

“Mimi chungu kisichokorogwa sikiamini.”

“Ndiyo maana kaka yangu alikonda.”

Unga ulipoiva walianza kuuosha ili kostiki yote itoke. Ndoo kumi na nane za maji ya kisima, moja baada ya nyingine. Bi Povu, ambaye hajawahi kumwaga maji bure maishani, alizipanga ukutani ndoo kuanzia ya kumi, kostiki ilipopungua ukali, ili baadaye apigie deki. Wakauanika unga, wakaujaza kwenye ndoo yenye matundu iliyotandikwa kitambaa, wakapitisha maji ya kisima, wakasugua sabuni.

Povu halikutoka. Uliganda ule utando mweupe wa siku zote.

Ilikuwa Jumatatu, siku tatu kabla ya ukaguzi. Wifi aliulaumu moto, akayalaumu majivu, mwishowe akajilaumu mwenyewe na kuanza kupanga vyombo vyake sandukuni. Bi Povu aliegemeza mwiko ukutani. Akafanya analofanya akiwa na hasira: akachukua kipande cha sabuni na tambara, akalitumbukiza kwenye ndoo ya kumi apige deki.

Povu likampanda hadi kwenye viwiko.

Akasimama akilitazama. Akaenda kwenye ndoo ya kumi na nane, akasugua sabuni ileile. Utando mweupe. Akarudi kwenye ya kumi. Povu.

“Wifi, weka hilo sanduku chini,” alisema taratibu. “Unga wako ni mzima. Umeshiba tu; kwenye ndoo ya kumi ulikuwa bado na njaa. Tumeulisha chokaa wakati tunauosha.”

Wifi alikuja, akajaribu mwenyewe, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwakaripia wanafunzi waoshee maji safi ya maabara, na hapa alioshea maji yaleyale waliyokuwa wanapigana nayo. Dawa yake aliijua: chumvi ya jikoni. Waliuloweka unga kwenye maji ya chumvi kali hadi kesho yake, chokaa ikafukuzwa vitunduni, kisha wakausuuza kwa maji ya mvua kutoka tangi la shule.

Alhamisi mkaguzi alikuja na kufuli jipya mfukoni mwa shati, na leso puani. Alitarajia hotuba. Bi Povu alimsogezea mabeseni mawili, la kwanza la maji ya kisima, la pili la maji yaleyale yaliyopita kwenye unga, na kipande cha sabuni.

“Fua hiyo leso,” alimwambia.

Akafua. Kwenye beseni la kwanza alisugua mpaka akachoka. Kwenye la pili povu lilifurika likamlowesha mikono ya shati, naye akasahau kuziba pua. Akauliza kama maji hayo yananyweka. Wifi akajibu kwamba hapana, si kabla ya kupimwa. Wao walisema ya kufulia, na hawakuahidi zaidi ya hapo.

“Lakini kilima chote kile,” mkaguzi alisema, “na nyinyi mna ndoo moja.”

“Mmekipandisha kwa miaka arobaini na mbili, bwana mkubwa. Hatukuwaona mkiharakisha.”

Mkaguzi alitazama nje, akatazama beseni. Akaandika barua palepale, amelalia meza yao: banda ni lao kwa mwaka mzima, na majivu wachote watakavyo. Bi Povu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akanyoosha kiganja chenye povu.

“Na hilo kufuli tuachie,” alisema. “Tutafunga sisi. Na funguo zake zote mbili.”