Milango ya Kitanda

Mama mkwe aliacha wosia mfupi: kabati apewe binti yake, kitanda apewe mke wa mwanawe. Mke huyo ni mimi. Na kabati na kitanda ni kitu kimoja.

Wifi yangu hakuamini mpaka nilipovuta vishikio viwili, upande wote wa mbele wa kabati ukashuka, ukawa kitanda katikati ya sebule. Miaka minane nilikishusha hivyo kila jioni nikamlaza mama yake. Yeye alikuja mara moja moja, akisimama mlangoni na mkoba begani.

"Umekichezea ili unipore," alisema.

"Kina umri kumshinda bibi yako."

Mume wangu akamwita fundi wa samani za kale, kisha akajitoa, akaenda kukaa nje. Fundi alipiga magoti, akamulika bawaba kwa tochi. Alisema zamani, kwa watu wa chumba kimoja, mgeni kuona kitanda chako ilikuwa aibu, ndiyo maana maseremala wakakivisha sura ya kabati. Vya mwanzo viliwaangukia watu. Baadaye wakafunga vyuma vizito nyuma kusawazisha uzito, mtu akaweza kukishusha kwa mkono mmoja.

"Hiki ni cha baadaye," alisema.

"Basi tugawie," wifi akasema.

"Hakigawiki, dada. Milango hii ya mbele yenye nakshi haifunguki; ndiyo tumbo la kitanda. Kikiwa kizima, jumba la makumbusho litakitaka. Mkikitenganisha, ni mbao tu."

Wifi alinitazama. Nilijua anangoja nimbembeleze.

"Fungua skrubu," nikamwambia fundi. "Wosia umesema kitanda."

"Na milango?" fundi akauliza.

"Ni ya kitanda. Umesema mwenyewe."

"Mama alikudharau," wifi akasema. "Ndiyo maana alikuachia godoro lenye mkojo wake."

"Huo mkojo niliufua mimi. Wewe uliwahi kufua nini?"

Fundi alifungua skrubu, na alipomaliza alikataa hata chai. Wapagazi waliteremsha ngazini sanduku la kabati lisilo na mbele, lenye vyuma tu ndani, wifi akiwafokea wasilikwaruze.

Kitanda changu hakisimami chenyewe, maana upande wa kichwani ulishikwa na lile sanduku. Nimeuegemeza kwa matofali. Nakshi zinatazama sakafu. Mume wangu anasema hawezi kulala juu ya ugomvi, amehamia kwenye kochi. Sijamzuia.