Kikombe Alichoninyang'anya Ngendo

Mimi ni mtu wa kujisifu, sifichi. Nimekamua ng'ombe hapa Mukurweini miaka arobaini, nimelea watoto sita, na hakuna aliyewahi kuniambia hapana jikoni mwangu. Mpaka Ngendo.

Ngendo ni mke wa mwanangu. Alikuja kutoka Kerugoya na kucha zake ndefu, akiogopa hata ng'ombe aliyelala. Nilimcheka waziwazi. Lakini ndiye aliyemzaa Kinyua, aliyepewa jina la marehemu mume wangu, na kwa desturi yetu mtoto huyo ni mume wangu tena. Ana mwaka mmoja na nusu. Namwita mzee na ananiitikia.

Siku hiyo mvua ilikuwa imelowesha kuni, nikachukua mafuta ya taa ya kuwashia moto. Mafuta hayo huwa nayaweka kwenye chupa ya soda, kama majirani wote. Niliiacha chini kando ya meko, kifuniko sikukikaza, nikainama kuchochea moto. Nikasikia kikohozi. Kinyua alikuwa ameketi sakafuni, chupa mapajani, sweta imelowa, macho yamemtoka.

Nilijua kile mama yangu alichojua: mtoto akinywa sumu, mpe maziwa mengi, kisha mtie kidole kooni atapike. Nilijaza kikombe, nikamshika Kinyua kidevu. Ngendo akaingia mbio kutoka uani, akaninyang'anya kikombe, maziwa yakanimwagikia miguuni.

"Mama, hapana! Usimpe kitu!"

"Wewe ndiye unanifundisha mimi kulea mtoto? Wewe?"

"Akitapika, hiyo mafuta itaingia kwa mapafu. Nesi alituambia kwa kliniki. Hapana, Mama."

Nilimsukuma. Akamnyanyua mtoto kifuani, akasimama palepale, wala hakurudi nyuma hata hatua moja. Alimvua Kinyua sweta, akampangusa mdomo, akachukua ile chupa ili daktari aione, kisha akamwita kwa kelele Nderitu, kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita. Nilipanda nyuma yao nikifura kwa hasira. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyomshtaki kwa mwanangu.

Hospitalini daktari alinusa chupa. "Mmemtapisha?"

"Hapana," Ngendo akajibu.

"Mmempa maziwa?"

"Hapana."

"Nani aliwakataza?"

Kabla sijafikiri, kidole changu kilikuwa kimemwelekea Ngendo.

"Amefanya vizuri sana," daktari akasema. "Haya mafuta yakirudi juu yanaingia mapafuni, na hapo ndipo tunapoteza watoto."

Walimlaza Kinyua wakimwangalia anavyopumua. Nilikaa kwenye benchi na aibu ikanichoma, maana mkono uliokuwa karibu kumuua ni huu wangu. Halafu nikamtazama yule msichana aliyekuwa amelala kidogo, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, nikajisikia fahari nisiyowahi kujisikia hata kwa watoto niliowazaa mwenyewe. Nilikuwa nimemtisha tangu siku aliyoolewa. Siku ilipohitajika, hakuniogopa.

Kesho yake mchana tuliruhusiwa kwenda nyumbani. Asubuhi iliyofuata nilipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, na habari ilikuwa imenitangulia. Jirani yangu Wangechi hakuningoja hata nitue mtungi.

"Nasikia huyo msichana wa Kerugoya alikunyang'anya kikombe kwa nyumba yako. Ati ukanyamaza tu?"

Wanawake kwenye foleni wakacheka.

"Alininyang'anya," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na mimi ndiye niliacha mafuta ya taa kwa chupa ya soda. Angeniheshimu hiyo siku, saa hii mngekuwa kwangu mkichimba kaburi. Na asiitwe tena msichana wa Kerugoya. Huyo ni msichana wangu."

Nikamgeukia Wangechi, ambaye mjukuu wake ndiyo kwanza ameanza kutembea.

"Na wewe, dawa yako ya kupe iko kwa chupa gani?"

Aliuacha mtungi wake kwenye foleni, akashika njia ya kwake mbio, kitambaa kikamdondoka kichwani asigeuke kukiokota. Nilikiokota mimi, na foleni iliposonga nikausogeza na mtungi wake.