Beseni la Vyura

Vyura hawakuruka. Kila asubuhi Getruda alipofungua mlango wa kitalu nyumba chake, walimpita miguuni wakikimbilia kujificha chini ya mashina ya nyanya, mavyura makubwa ya nchi kavu, ngozi vinundu vitupu. Leo kimya. Loo, kimya gani hicho!

Majirani walishasema mpaka wakachoka. Mke wa mtu anafuga vyura? Huyo ana lake jambo! Getruda aliwaacha waseme. Misimu miwili kantangaze, kiwavi wa nyanya, alimtafunia nyanya zote, lakini tangu vyura waingie, nondo wa mdudu yule waliishia matumboni mwao, na sasa nyanya zake zinagombewa sokoni Mkuyuni. Akaapa hatapuliza dawa tena. Chupa iliyobaki, ile kali yenye picha ya fuvu, alimpa shemeji yake Masele, aliyesema anaitaka kwa pamba yake.

Chura wa kwanza alimkuta kando ya beseni la maji alilolifukia ardhini ili wapate kujilowanisha. Amelala chali, miguu imekakamaa. Kisha wa pili. Alipofika wa kumi na moja akaacha kuhesabu.

"Washenzi!" alifoka, akiwawaza majirani. "Wamenipulizia!"

Akachuma jani la mnyanya, akalinusa. Halina kitu. Akainama, akanusa beseni. Harufu ile aliijua. Misimu miwili ilikuwa haitoki kwenye kanga zake. Na maji yale hakuna mtu aliyeyagusa. Aliyavuta mwenyewe alfajiri kwa pampu, moja kwa moja kutoka kwenye kijighuba cha ziwa kilicho chini ya shamba.

Dawa imefikaje ziwani? Jibu lilimjia upesi, naye hakulitaka.

Asubuhi hii hii Masele alikuwa amepita nyumbani na ndoo ya sato. Masele huyo aliyeuza nyavu zake mwaka jana! Na pamba yenyewe, ni lini Masele alishika jembe?

"Leo ziwa limetukumbuka, shemeji," alisema, macho chini. "Ila matumbo yatupeni. Yatupeni mbali."

Mama mkwe wake, Bibi Paskazia, aliangua kicheko. Tangu lini watu wa ziwani wakatupa matumbo ya sato, na mafuta yote yako mle? Getruda naye alicheka. Mungu wangu, alicheka!

Sasa alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki matutani, hakugeuka kukichukua. Njia nzima alijipa moyo kwamba samaki wale ni wa mchana, na mchana bado, hata jiko la mkaa huenda halijawashwa.

Alipoingia jikoni aliwaona sato wamepangwa kwenye ungo, wabichi, wamepakwa chumvi. Wote wapo. Getruda alishusha pumzi mpaka machozi yakamtoka.

"Asante Mungu! Mama, wamwage hao. Wana sumu!"

"Sumu ya wapi tena?" Paskazia alishika kiuno. "Masele, mtoto niliyemzaa mimi, aniletee sumu?"

Getruda alitazama tena ungo. Samaki walikuwa wamepasuliwa, weupe ndani, wameoshwa vizuri.

"Mama. Matumbo yako wapi?"

"Si nimemkaangia Hellen! Humjui mwanao anavyoyapenda? Kala yote, akalamba na kikaango. Mimi mzee hata cha kuonja sikubakiziwa." Paskazia alitabasamu, akaonyesha mkekani, pembeni mwa mlango. "Ameshiba, kalala."

Hellen ana miaka sita, na hajawahi kulala asubuhi. Hata akiwa na homa halali asubuhi.

Getruda alimwita akiwa pale pale aliposimama. Akamwita tena. Mtoto alikuwa amelala chali, na miguu yake ilikuwa imekakamaa.